Nilisema Nimeona Mguu Wake

Nimekosa. Nianze na hilo, nisije nikazunguka kama wazee tunavyofanya. Nilimwambia kijana mmoja kwamba nimemwona akiweka mguu chini, nami sikumwona. Nimeishi na neno hilo miaka mitatu na sijamwambia mtu wa hapa Ifakara hata mmoja, ila padri kwenye maungamo. Nakuambia wewe unayesoma, kwa kuwa hunijui.

Mimi ni katekista mstaafu. Nimefundisha watoto dini karibu maisha yangu yote, na namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Mke wangu Agata alitangulia, watoto wako mbali na wana familia zao. Nyumbani niko peke yangu na kuku wachache. Silalamiki. Naeleza ili ujue kwa nini sikuwa na mtu wa kuniuliza jioni ile, "Baba, mbona hujala?"

Mwaka ule mashindano ya taifa ya pikipiki yaliletwa bondeni kwetu, upande wa Sanje, kwenye korongo la mawe chini ya mlima. Si mbio hizi unazozifikiria. Hapa kasi haina kazi. Njia inazungushiwa utepe juu ya mawe, magogo na matope, na mwendeshaji anapita polepole, amesimama juu ya pikipiki, bila kugusa ardhi. Akiweka mguu chini mara moja anaandikiwa alama moja. Akianguka au akitoka nje ya utepe, tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Kila kipande cha njia kinaitwa kituo, na kila kituo kina waamuzi wake.

Waandaaji walitafuta waamuzi wasio na upande. Mtu mmoja wa parokia akawaambia, "Mchukueni katekista. Yule hadanganyi hata kwa Kindamba." Kindamba ndiyo lugha yetu ya nyumbani. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikiri kwamba nilifurahi sana. Tangu Agata aondoke, hakuna aliyekuwa ameniita kwa kazi yoyote.

Asubuhi mratibu wa mashindano, mtu mpole wa makamo, alitufundisha chini ya turubai. "Wazee wangu na vijana wangu," alisema, "andika ulichokiona. Usiandike ulichosikia. Kama hukuona, haki ni ya mwendeshaji, anapita bila alama. Sema tu: sikuona. Hakuna aibu."

Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu. Nikalipigia na mstari.

Kila kituo kilipaswa kuwa na waamuzi wawili, mmoja kila upande wa njia. Mwenzangu hakufika, pikipiki yake ilikwama njiani, kijiji cha Kisawasawa. Mratibu akaja kituoni kwangu anahema. "Katekista, utaweza peke yako? Kama huwezi, nisimamishe kituo hiki hadi nipate mtu."

Nikamwambia, "Endelea, mwanangu. Jicho ni hili hili."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa siku ile niliona ni moyo wa kujitolea.

Waendeshaji wakapita mmoja mmoja. Mimi napuliza filimbi, anaingia, namfuata kwa macho hadi anatoka, anasimama, naandika kwenye kadi yake. Wawili tu ndio wangechaguliwa kwenda kushindana nje ya nchi kwa jina la Tanzania. Mmoja wa waliotazamiwa ni kijana wa hapa Ifakara, na watu wake walijaa ukingoni mwa korongo. Mwingine alitoka Masagati, huko mbali kupita Mlimba. Nitamwita Gaudensi. Silo jina lake.

Gaudensi alikuwa bodaboda. Kwao mvua ikinyesha barabara inageuka mto, na yeye ndiye aliyekuwa akivusha wajawazito na wagonjwa kwenda zahanati juu ya madaraja ya miti mitatu. Kuendesha juu ya mawe hakufundishwa na mtu. Pikipiki ya mashindano aliazimwa na fundi wa Mlimba aliyemwona akivuka. Watu wa ukingoni walikuwa wanamtania tangu asubuhi: "Wewe Masagati, umezoea kubeba mihogo, hapa hakuna mihogo!" Naye anawajibu, "Mihogo haipigi kelele kama nyinyi." Wakampenda kidogo kwa hilo.

Zamu yake ikafika. Nikapuliza filimbi. Akaingia.

Na kengele ya kigango, kanisa dogo la jirani, ikalia. Saa sita kamili.

Wakatoliki wenzangu wa umri wangu mtanielewa. Tangu nikiwa mdogo, kengele ya saa sita ikilia ninasimama pale nilipo, navua kofia, nainamisha kichwa, nafumba macho, nasali Malaika wa Bwana. Nimesali shambani, nimesali sokoni, nimesali nikiwa nimebeba gunia la mpunga kichwani. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kofia. Kichwa kikainama. Macho yakajifumba.

Katikati ya sala nikasikia watu wanapiga kelele: "Mguu! Mguu! Ameweka!"

Nilipofumbua macho, Gaudensi alikuwa ameshatoka kituoni. Pikipiki inanguruma taratibu, tope linamdondoka kwenye buti. Ananiangalia, amenyoosha kadi.

Nikaandika moja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kelele zilikuwa nyingi, hilo ni kweli. Lakini waliopiga kelele walikuwa watu wa yule kijana mwingine, na nililijua. Je, nami nilitaka kijana wa kwetu ashinde? Nimelitafuta hilo moyoni mwangu kwa magoti, na siwezi kuapa kwamba halikuwamo. Ila kubwa zaidi ni hili: niliona haya. Nilikuwa mwamuzi peke yangu, nimemwambia mratibu jicho ni hili hili, na jicho nilikuwa nimelifumba.

Gaudensi akaitazama kadi. Akazima pikipiki, akavua helmeti, akaja karibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, umeniandikia moja. Sijaweka mguu."

"Umeweka."

"Umeniona wewe mwenyewe, baba? Kwa macho yako?"

Kule ukingoni mtu mmoja akadakia, "Kijana, ukibishana na katekista, kesho utabishana na Mtume Petro mlangoni!" Kicheko kikapasuka korongo zima. Wote wakawa wananitazama mimi, wanasubiri. Sijawahi kutazamwa hivyo, hata nilipokuwa nafundisha.

Nikasema, "Nimekuona."

Kijana akatazama chini, kwenye buti zake. Akaitazama ya kulia, halafu ya kushoto. Kisha akasema, taratibu, "Kama wewe umeona, baba, basi." Akavaa helmeti akaenda.

Jioni matokeo yakasomwa. Gaudensi alikuwa wa tatu. Alama moja ilimtenga na wa pili, na wa pili alikuwa yule wa Ifakara.

Kabla ya kusoma, mratibu alinivuta pembeni. "Katekista, kijana wa Masagati hajakata rufaa. Anasema mzee ameona, basi. Lakini nakuuliza mimi, sisi wawili tu: una uhakika? Maana ukiwa na shaka naifuta ile alama sasa hivi, matokeo hayajasomwa bado."

Mungu alinifungulia mlango wa pili. Nikaufunga kwa mkono wangu. "Nina uhakika."

Akanishika bega. Na mbele ya watu wote akasema tushukuru kuwa na wazee wa haki katika bonde hili, akaomba wanipigie makofi. Walipiga. Gaudensi naye alipiga. Nilimwona. Hilo ndilo nililoliona kwa hakika siku ile.

Baada ya hapo nikawa mtu mkubwa. Watu wakigombania mpaka wa shamba, wananiita. Kamati ya shule ikitaka mwenyekiti, wananiita. Waandaaji walinitaka mwaka uliofuata niwafundishe waamuzi wapya, nikasingizia magoti. Kila nilipoitwa nilikwenda, nikakaa kwenye kiti cha mbele, nikasema maneno mazuri, nikarudi nyumbani nikafunga mlango. Kadiri walivyoniamini ndivyo nilivyozidi kukosa wa kuzungumza naye. Ungemwambia nani? Kila mtu niliyemfahamu alikuwa ameshasikia habari za yule mzee wa haki.

Agata angekuwa hai ningemwambia usiku uleule. Angenicheka kwanza, maana alikuwa mcheshi. "Umesali ukamwonea mtu," angesema. Kisha asingenipikia mpaka niende nikaseme.

Sala ya saa sita nayo ikaniwia ngumu. Nilikuwa nasimama, nafumba macho, na badala ya maneno nasikia watu wanasema mguu, mguu. Nikaanza kusali nikiwa nimefumbua macho. Nikaona hiyo nayo ni kejeli. Mwisho, kengele ikilia, nilikuwa nakaa tu.

Kwaresima ya mwaka huu nikaenda kuungama. Padri wetu ni kijana, ningeweza kumzaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniondolea dhambi, akanipa malipizi. Nilipotaka kuinuka akasema, "Mzee wangu, Mungu amekusamehe. Lakini yule kijana bado ana neno lako mkononi, na analiamini. Siwezi kulichukua kwa niaba yako."

Nikapanda treni hadi Mlimba, na kutoka Mlimba nikakodi bodaboda. Kwenye kila daraja la miti dereva aliniambia nishuke nivuke kwa miguu, naye anasukuma pikipiki nyuma yangu. Nikamuuliza, "Si kuna kijana wa huku aliyekuwa anavuka na watu amewapakia?" Akasema, "Gaudensi? Aliacha. Siku hizi wagonjwa wanabebwa kwa machela."

Nilimkuta shambani kwake analima mpunga. Alinitambua mara moja. Akanisalimu, akanitafutia gogo nikae, akaniletea maji. Nikamuuliza kwa nini aliacha pikipiki.

"Baba, baada ya yale mashindano nilikaa nikafikiri. Mimi nilikuwa na hakika sikuweka mguu. Hakika kabisa, kama ninavyokuona wewe hapo. Lakini wewe uliniona, na wewe husemi uongo. Basi niliweka bila kujua. Sasa mtu anayeweka mguu bila kujua kama ameweka, atambebaje mama mjamzito juu ya miti mitatu? Niliogopa. Nikairudisha pikipiki ya fundi, na bodaboda nikaacha."

Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha kwa safari aliyoikosa. Hili sikuwa nimejiandaa nalo.

Nikamwambia yote. Kengele, kofia, macho niliyoyafumba, kelele, aibu. Alisikiliza huku ameegemea jembe. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo sikuweka."

Jinsi nilivyotamani kumwambia ndiyo! Lakini ningemdanganya mara ya pili.

"Sijui, mwanangu. Sikuona. Sitajua mpaka nife."

"Umetoka Ifakara mpaka hapa kuniletea sijui?"

"Ndiyo. Siku ile nayo nilikuwa na sijui hiyo hiyo tu."

Akatazama mbali, upande wa milima. "Ungenipa siku ile," akasema, "ingenitosha."

Hakunitukana. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amenibebea mfuko. Nilimwomba msamaha pale njiani. Akasema, "Nipe muda, baba." Sijasikia kutoka kwake tangu hapo, na sina haki ya kumharakisha. Kama amepanda tena pikipiki, sijui.

Mratibu nimemwandikia barua. Alinijibu kwa heshima kwamba matokeo ya mwaka ule hayawezi kubadilishwa, walioteuliwa walishakwenda na kurudi. Alisema pia kwamba tangu sasa kituo chenye mwamuzi mmoja hakitafunguliwa hata kwa dakika moja. Nashukuru kwa hilo. Nilimwomba barua isomwe mbele ya waendeshaji. Bado analifikiria, anaogopa watu watasema mashindano yote yalikuwa hivyo. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Wewe unayeshika filimbi, kalamu, rungu la mwenyekiti au fimbo ya mwalimu, nisikilize. Ukiulizwa uliona nini, na hukuona, sema hukuona. Sema hata kama watu mia wanakutazama. Sema hasa kama wanakuita mtu wa haki, kwa sababu mnyonge anayekuamini hatakubishia wewe. Atajibishia yeye mwenyewe, hadi aiogope miguu yake. Nanyi mnaotafuta waamuzi, msitafute mtu mwema mkamwacha peke yake. Mwekeni na mwenzake. Wema haufumbui macho yaliyofumbwa.

Watakucheka siku moja, watasahau. Mimi nilikwepa kicheko cha siku moja. Kwa miaka mitatu watu wa Ifakara wameniamkia barabarani kwa heshima zote, nami nimeitikia, nikijua kwamba wanamsalimu mzee mwingine, yule aliyeona.