Siku Niliyomlaza Papa Tâm Sakafuni

Nawasimulia leo kwa sababu nimechoka kuibeba hii aibu peke yangu, na mkitaka kucheka chekeni, mie mwenyewe ningecheka kama ingempata mwingine, lakini mjue mapema kwamba mwisho wake hauchekeshi.

Kazi yangu mnaijua. Asubuhi tatu kwa wiki nakwenda mtaa wa Ganshoren, hapa hapa Brussels, kwa mzee mmoja wa Kivietnam, Papa Tâm, namwogesha, nampikia uji wake wa mchele, natoka. Mimi si nesi. Papa Tâm ana ugonjwa wa kusahau, jina langu halimkai kabisa, na jina la Linh, binti yake wa kumzaa, siku nyingine analipata, siku nyingine anamwita madame. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kizima kichwani mwake: shairi refu alilomtungia marehemu mkewe, na hakuliandika popote. Nyumbani alikataa kulitoa, eti shairi hutolewa mbele za watu. Basi Linh akasubiri mkutano wa Wavietnam wenzao, ule wa Jumapili ambapo daktari hufundisha kwanza mambo ya afya, halafu watu wanakunywa chai na wazee wanatoa mashairi, akaniomba niwasindikize nimshike mzee ili yeye arekodi kwa simu. "Neema, hii inaweza kuwa mara ya mwisho," aliniambia.

Bon. Nikavaa blauzi nyeupe (ndiyo pekee iliyokuwa imepigwa pasi), na pale mlangoni mama mmoja akanitazama juu mpaka chini akauliza, "Madame, wewe ni infirmière?" yaani nesi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema hapana, maman, mie naogesha tu. Lakini aliuliza kwa heshima, na miaka minane niko Brussels sijaulizwa kitu kwa heshima hivyo, nikaitikia kwa kichwa. Kichwa tu, mdomo sikufungua! Punde nimeketishwa mstari wa mbele, na daktari ananiita chère collègue, mwenzake wa kazi.

Somo la siku hiyo lilikuwa kiharusi. Daktari alieleza kwa Kivietnam, kisha kwa Kifaransa kwa ajili yangu, kwamba ukiona mdomo wa mtu umekwenda upande, mkono umelegea, maneno yanaburuta, usingoje: mwambie anyanyue mikono yote miwili, na simu ipigwe. Mie natikisa kichwa kila sentensi, utafikiri haya nimeyafundisha miaka kumi. Alipomaliza akatoka kwenye korido kupokea simu yake, na Papa Tâm akasimama.

Sasa, hakuna aliyeniambia kwamba wenzetu shairi hawalisemi, wanalighani, neno moja linavutwa, linapanda, linatetemeka, linashuka mpaka pumzi iishe. Nyumbani mzee anaongea maneno matatu kwa siku, ningejuaje? Nikaona amefumba macho, mdomo umepinda kidogo, mkono mmoja umeanguka ubavuni, sauti inaburuta, na anayumba. Na kanisani kwetu Matonge mnajua mie ni protokoli, kazi yangu ni kusimama nyuma ya anayeombewa, akifumba macho akayumba unamdaka, huulizi. Miguu yangu ilifika kabla ya akili.

Nikamdaka Papa Tâm kwa nyuma, nikamlaza sakafuni, napiga makelele, "Papa! Lève les bras! Nyanyua mikono!" na kwa kuwa alinikodolea macho tu, nikamshika mikono nikainyanyua mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, "Pigeni simu, ni kiharusi!" Na kwa kuwa nesi amesema, wakapiga.

Daktari akarudi mbio, akapiga magoti, akamkagua, kisha akaniambia polepole, "Madame, hana kitu. Alikuwa anaghani." Nikatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, badala yake ikaja ambulansi, wanaume wawili na machela, wakauliza nani ameita, na ukumbi mzima ukanionyesha kidole: infirmière. Mmoja akaniuliza nafanya kazi hospitali gani. Nikamjibu, mbele ya yule mama wa mlangoni, kwamba naogesha wazee.

Hayo yote ningeyameza. Lakini walipoondoka, Linh alimkalisha baba yake, akamfuta, akawasha simu tena, akamnong'oneza aendelee. Mzee akaanza. Alipofika pale nilipomdakia, akanyamaza. Akaanza upya, akanyamaza palepale. Mara ya tatu akauliza hawa watu wote wamekuja kufanya nini. Linh akazima simu, akaniambia, "C'est pas grave, Neema," eti si neno. Bora angenizaba kofi.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyoita kwetu, alinikuta kituo cha metro cha Porte de Namur ninalia.

"Donc, Neema, weye ulitikisa tu kichwa?"

"Nilitikisa tu, yaya."

"Ungesema mi niko mwenye kuosha bazee, mudomo ingekuuma?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mie niliazima cheo kizima. Nimeapa: mtu akiniita jina lisilo langu, nitamkatalia kwa sauti, hata akiniita malaika. Lakini kiapo changu kinamsaidia nini Linh? Kwenye simu yake kuna mistari minne ya shairi, halafu makelele yangu.

Na kazini bado nakwenda. Maji ya moto yakimgusa mgongo, siku nyingine Papa Tâm anaanza kughani, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akifika pale ananyamaza, ananitazama, halafu ananyanyua mikono yake yote miwili juu, kama nilivyomfundisha. Nami namshusha mikono, moja moja, namwambia, "Tuanze tena, Papa."