Atupele, babu yake na chupa za plastiki

Jamani, leo mwanangu kidogo anifukuzishe kwenye ndoa.

Baba mkwe kaja kutoka Bujonde. Sisi Wanyakyusa mnatujua: mkamwana hajitokezi mbele ya baba mkwe. Nikajibanza jikoni, nampikia wali na dagaa wa usipa.

Mzee hapendi kukaa bure. Akafagia uani, akakusanya chupa za plastiki, akatoa kiberiti azichome.

Atupele wangu, wa darasa la pili, AKAMPOKONYA kiberiti!

"Babu, plastiki haichomwi! Moshi wake sumu!"



Nikaruka nikamchape. Nilipofika mlangoni, miguu ikagoma. Natokaje? Nyie mngetoka?

Mzee akakohoa. "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu. Hata mama namkatazaga, hasikii."

Nikageukia mafiga yangu. Chupa niliyowashia kuni bado inayeyuka, na moshi mweusi unatoka dirishani, unamfuata mzee pale pale alipo.

Akapaza sauti, makusudi nisikie:

"Atupele, mwambie mama yako babu ameacha. Amebaki yeye."