Ukurasa Niliokariri

Ninaowakumbuka kanisani Jumapili ile ni hawa: baba yangu Rubeni, mama yangu Mariamu, kaka yangu Enoki, Mzee Ezira wa kanisa, na Mwinjilisti Samweli, mume wa mama mdogo, ambaye ndiye aliyetufundisha kusoma. Na mimi Tabita, miaka sita. Kanisa lilinuka nyasi mbichi za paa na siagi, maana kule kwetu milimani, juu ya Uvira, Kongo, watu walijipaka siagi kabla ya kwenda kusali.

Msimu mzima wa mvua Mwinjilisti Samweli alitufundisha kwa kitabu kimoja. Yeye anasoma mstari, sisi tunaitikia, basi hivyo hivyo mpaka jua linapanda. Ukurasa wa kwanza niliushika wote, hata pale anapovuta pumzi. Musa anachunga. Musa ana fimbo. Mbuzi wamekula. Herufi sikuzijua hata moja, lakini nani angeniambia kwamba huko si kusoma? Baba alinisifu mpaka kwa majirani, na Jumapili ile nikaitwa mbele. Mzee Ezira akafungua kitabu katikati, akanipa. Nikaweka kidole, nikaanza kwa sauti: Musa anachunga, Musa ana fimbo. Mwinjilisti Samweli akakohoa. Mzee Ezira akainama kutazama, akasema, "Kumbe Musa amechunga mpaka huku?" Kanisa zima likacheka, mama naye akiwemo. Baba hakucheka. Kesho yake aliniambia, "Tabita, unaenda na ndama. Masomo ile imekukataa." Shule yangu yote ni msimu huo mmoja.

Vita vilipotuleta Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nilikuwa nimebaki na mjukuu wangu Nehema peke yake. Tulijenga Misiera, kijiji cha humo kambini, nikampeleka shule. Jioni alikuwa ananisomea ukurasa wake bila kukwama, nami nikalala nimetulia. Siku moja napita shuleni, namkuta amekaa chini na wenzake, wanafinyanga ng'ombe wa udongo na kuwapanga, wenye pembe ndefu huku, wasio na pembe kule. Nikamshika mkono twende nyumbani. Mwalimu wao, Speransiya, Mrundi, akanifuata. Nikamwambia, "Mwalimu, huyu nilimuleta asome. Udongo iko mingi kwangu." Akaniita pembeni. "Bibi, Nehema hasomi. Amekariri. Nilimfungulia ukurasa mwingine, akasema ule ule."

Nikamuuliza, "Benzake balimucheka?"

"Hapana. Tulikuwa wawili tu."

Hapo nikauachia mkono wa mtoto. Speransiya akanieleza alichojifunza chuoni Mbarara: akili ya mtoto inakua kwa hatua, na katika umri ule inashika kwanza kile ambacho mikono imegusa na macho yameona. Herufi haishikiki. Basi mtoto aanze kwa kupanga vitu, kipi kinafanana na kipi, kisha achore alama na kuelewa kwamba alama ile inasimama badala ya ng'ombe. Akishaelewa hilo, sauti nayo itapata alama yake. Mimi niliyewajua Gaju na Bihogo, ng'ombe wetu, hata kwenye ukungu, nilisimama pale nikawaza kwamba labda nilikuwa mlangoni kabisa, ila hakuna aliyenifungulia.

"Tupe majina, bibi," akasema. Nikakaa chini, nikawapa majina ya ng'ombe wa baba, wote. Vita viliwamaliza. Nehema aliwafinyanga, akawachorea alama, na baada ya majuma mengi akawaandika. Siku aliponisomea ukurasa ambao sijawahi kuusikia, nilikichukua kitabu, nikafungua pengine, nikafungua pengine tena. Alisoma kote, polepole, jasho linamtoka.

Leo Nehema anasoma sekondari Mbarara, anakaa mtaa wa Kakiika, na likizo hii yeye ndiye anayeyaandika haya ninapoyasema. Mwinjilisti Samweli simlaumu, alifundisha kama alivyofundishwa. Kinachoniuma ni baba, aliyekufa akiamini kwamba shule ilimkataa mtoto wake. Wewe uliyekuwepo kanisani Jumapili ile, kama ungali hai, na kama nimemtaja mtu ambaye hakuwepo, au Mzee Ezira alisema maneno mengine, fika Misiera uniambie. Nehema atafuta, ataandika upya.