Kamera Iliyoibwa Ilinipiga Picha Ukweni

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ukweni, Usagara, nachambua mchele, simu ikatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia tena tangu kamera yangu iibwe.

Mlio wa picha kuingia.

Nikafungua. Ilikuwa picha ya mgongo wangu.

Kitenge nilichovaa siku hiyo hiyo. Mkeka huo huo. Sinia la mchele mapajani. Nimepigwa muda huo huo, kutoka nyuma, na kamera ambayo niliitolea taarifa polisi kwamba imeibwa.

Nikaganda. Hata kugeuka niliogopa.

Kwa wasiojua: kamera za siku hizi zinaungana na simu. Ikiwa karibu nawe, picha inaruka yenyewe inaingia kwenye simu yako. Maana yake mwizi wangu alikuwa pale pale uani, hatua chache nyuma yangu.

Lakini ngoja mnijue kwanza.

Naitwa Paskazia. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, upande wa ukaguzi wa ubora. Wiki nzima nashinda na sangara, baridi na gambuti. Starehe yangu ni moja, kupiga picha ndege wa ziwani. Jumapili nikitoka misa ya kwanza naenda zangu kwenye mawe ya ufukweni, natulia, nasubiri mdiria ashuke kwenye maji.

Sijawahi kuuza hata picha moja. Ukweni hilo ndilo lililowauma.

Mama mkwe alikuwa anasema waziwazi, mbele ya wageni, kwamba mwanae alioa mwanamke anayekula mshahara na ndege wasioliwa. Shemeji Shigela, kaka mkubwa wa mume wangu, alinibatiza Mama Ndege. Nikifika tu pale, kicheko kinaanza. Mume wangu Masele yeye anacheka nao kidogo, halafu tukirudi kwetu Buswelu ananiambia niwazoee.

Sikuwazoea. Niliwachukia, na wao wakanichukia. Tulikuwa tunasalimiana kwa meno.

Kamera niliikatia bima baada ya lenzi moja kunidondokea majini. Wakala aliyeniuzia anaitwa Alkarim, kwao ni wafanyabiashara wa mjini tangu enzi za babu zake. Alinieleza vizuri: ikiibwa, ikivunjika, ikiingia maji, kampuni inalipa, mradi iwe ya kujifurahisha tu na si ya biashara. Akanipa karatasi za masharti, akaniambia nizisome zote. Nikasoma zilizonivutia.

Siku moja nikatoka zamu, nafika nyumbani, kabati liko wazi. Begi hakuna. Kamera hakuna.

Masele akasema alipofika alikuta mlango wa jikoni haujafungwa. Tukaenda polisi wote wawili, nikapewa RB, ile namba ya taarifa, nikapeleka madai bima.

Hapo ndipo nilipokutana na Josephat.

Huyu ni mtu wao wa kuchunguza madai. Alikuja nyumbani, salamu yenyewe kaitoa kwa shida. Akashika kitasa cha mlango, akakitikisa. Akakagua dirisha moja moja. Akaangalia televisheni yetu ukutani, muda mrefu, kama anataka kuinunua.

Akaniuliza mwizi gani anaacha televisheni anaenda moja kwa moja kabatini, tena anachukua mpaka chaja. Nikamwambia amtafute mwizi amuulize.

"Nani mwingine ana ufunguo?" akasema.

"Mume wangu."

"Basi mko wawili."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha mko wawili, mama."

Nilimmaindi vibaya sana. Aliniita ofisini tena na tena, maswali yale yale kayageuza geuza, mara naambiwa pengine napiga harusi kwa siri, mara naulizwa kama nina madeni. Nalipia bima kwa jasho langu, halafu nageuzwa mtuhumiwa. Nikitoka pale natembea peke yangu barabarani naongea kama kichaa.

Masele ndiye aliyekuwa ananituliza. Ananiambia nivumilie, watalipa tu.

Sasa turudi Usagara.

Binti wa Shigela alikuwa amepata kipaimara, sherehe inafanyika kwa mama mkwe. Nilienda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kesi nyingine. Na siku hiyo Masele alikuwa mfalme. Yeye ndiye aliyeleta ng'ombe wa sherehe, dume limenona kweli kweli. Mama mkwe kila akipita anamsifia, halafu ananitupia jicho mimi: kumbe mwanangu angekuwa mbali, isingekuwa kamera za watu.

Nikaendelea kuchambua mchele.

Ndipo simu ikalia.

Ikaingia picha ya pili: mama mkwe akicheka. Ya tatu: Shigela na binti yake.

Nikageuka taratibu. Nyuma yangu alisimama Chenge, mpiga picha wa pale njia panda Usagara, aliyekodiwa na Shigela. Shingoni kaning'iniza kamera yangu. Niliijua kwa mkwaruzo wa pembeni, niliupata mwenyewe kwenye mawe.

Kichwani likaja jina moja tu. Shigela. Nani mwingine? Ndiye aliyemleta huyu mtu. Ndiye mwenye chuki na kamera yangu.

Nikasimama, mchele ukamwagika. Nikamfuata Chenge, nikamshika mkanda wa kamera.

"Hii umeitoa wapi?"

Shigela akaja mbio, ananiambia nisimharibie sherehe, eti Mama Ndege, ndege wamenipanda kichwani. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba yeye ni mwizi na leo analala polisi. Mama mkwe akapiga kelele kwamba nimekuja kuwavunjia heshima kwao.

Nikainua simu, nikawaonyesha zile picha. Chenge akazitazama, akatazama kamera yake, akaanza kutokwa jasho.

"Dada, mimi sijaiba," akasema. "Nimenunua."

"Kwa nani?"

Akanyoosha kidole, lakini si kwa Shigela.

"Kwa kaka Masele."

Mume wangu alikuwa kwenye jiko la nyama, kashika kisu.

Hakubisha. Kama angebisha pengine ningemwamini, maana nilitaka sana kumwamini. Alikuja ananivuta pembeni, ananong'ona kana kwamba tunapanga jambo la kawaida la nyumbani. Kaka zake walikuwa wamemzodoa kwenye kikao cha familia, kwamba kila mwaka yeye ni mtu wa kuja na soda. Hakuwa na kitu. Akaona kamera.

"Si wangekulipa?" akasema. "Ungepata mpya. Kuna nani ameumia hapo?"

Nikatazama lile jiko. Watu walikuwa wanasubiri nyama. Kumbe ng'ombe tuliyekuwa tunamsubiri pale ni kamera yangu.

Nikakumbuka alivyokaa pembeni yangu polisi, mkono wake begani kwangu. Nikakumbuka nilivyokuwa narudi kutoka kwa Josephat nalia, yeye ananichemshia chai.

Mama mkwe hakumgeukia mwanae. Alinigeukia mimi. Akasema mke mwenye akili angenyamaza mpaka wageni waondoke, mimi nimemvua mume wangu nguo hadharani.

Aliyenishangaza ni Shigela. Niliyemwita mwizi muda mfupi tu uliopita. Alimvua Chenge kamera shingoni, akanikabidhi, akamwambia mdogo wake amrudishie Chenge hela yake yote. Halafu akanitazama kwa macho makavu.

"Shemeji, chukua kitu chako uondoke. Na mimi ulivyoniita sijasahau."

Nikaondoka na kitenge kikiwa na chenga za mchele.

Kesho yake simu zikaanza. Wakwe, mashangazi, mpaka mchungaji wa jirani ambaye hata si wa kanisa letu. Wote neno moja: niwaambie bima kamera nimeiokota. Nikisema ukweli, Masele anafungwa. Masele mwenyewe alipiga magoti sebuleni.

Nikaenda kwa Josephat. Nikaweka kamera mezani kwake, nikamwambia yote, jina la mume wangu likiwemo. Nikasema madai nayafuta.

Aliisikiliza habari yote bila kuandika kitu. Akafungua karatasi zangu za masharti, akaweka kidole kwenye mstari: wizi unaofanywa na mtu wa nyumbani kwa mwenye bima haulipwi. Ndiyo maana kila siku alikuwa anauliza ufunguo.

"Malipo yako yalishapitishwa," akasema. "Wiki hii ungelipwa. Nilijua ni mtu wa ndani ila sikuwa na ushahidi."

"Kwa hiyo ulimjua?"

"Hapana. Nilidhani ni wewe."

Hakuomba radhi. Kwa kuwa hawakuwa wametoa hela, kampuni haikumpeleka Masele polisi, ila bima yangu waliifuta, na tangu hapo kila kampuni ninayoenda inaniangalia vibaya. Hasara imekaa kwangu, mwenye mali.

Masele alirudi kwao Usagara "kwa muda". Huko ni kijana mwema aliyeponzwa na mke. Mimi niko Buswelu, nimebadilisha vitasa. Jumapili naenda ziwani bado, kamera haina bima, naikumbatia kama mtoto mchanga.

Wewe unayetaka kukatia bima kitu chako, kata, usiogope. Lakini ukifika kwenye ukurasa wa mambo wasiyolipa, usiupite haraka. Mimi ule mstari wa watu wa nyumbani niliuona kabla sijasaini.

Niliuruka. Niliona ni wa watu walioolewa vibaya.