Maji ya Kwanza

Serikali ilitumia fedha za kigeni kumsomesha Felicitas Rweyemamu ili arudi Bukoba kuwakataza Wahaya ndizi. Haikupanga hivyo, tusiisingizie. Ilimpeleka Uingereza akasomee lishe kwa kuwa nchi changa ilihitaji wataalamu wa lishe, na huko Uingereza wakamtupa kwenye wodi ya wagonjwa wa figo kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Akakaa humo mpaka akahitimu. Akajua habari za chumvi, akajua habari za nyama, akajua kwamba figo zikichoka kuna madini yaitwayo potasiamu ambayo hushindwa kutoka mwilini, hujikusanya kwenye damu, na yakizidi moyo husimama bila hodi. Mwalimu wake alipotaja vyakula vyenye madini hayo kwa wingi, alianza na ndizi. Felicitas aliandika huku ameinamisha kichwa. Alizaliwa Nshamba, ambako ukitoka mlangoni kwenu unaingia kwenye migomba, na ukitoka kwenye migomba umeshafika kwa jirani.

Alirudi mwaka wa sabini na tatu, mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Hospitali aliyopangiwa ilimpokea kwa heshima zote, ikampa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, ikapigilia kibao mlangoni: MTAALAMU WA CHAKULA CHA FIGO. Mashine ya kusafisha damu, ile aliyoizoea Uingereza, haikuwepo Bukoba, wala hakuna aliyekuwa ameiota. Kwa hiyo matibabu yote ya figo katika mkoa mzima yalikuwa Felicitas mwenyewe, ameketi kwenye kiti, anasema.

Na alichokuwa anasema ndicho kilichomponza. Anaingia mgonjwa, uso umevimba, nyuma yake mkewe, na mkewe amebeba sufuria ya ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage iliyofunikwa kwa majani ya mgomba, bado ina mvuke. Felicitas anamwambia, baba, ndizi basi. Mgonjwa anamtazama mkewe, mke anaitazama sufuria.

"Sasa nile nini?"

"Wali kidogo. Au ugali kidogo."

Ugali! Kwa Mhaya wa siku zile ugali ulikuwa chakula cha shule ya bweni na cha jela, kitu ambacho mtu alikula kwa kukosa namna na akatoka bila kukizungumzia. Ndiyo kwanza viongozi walikuwa wanapita vijijini na vipaza sauti kuhimiza mahindi na mihogo, kilimo cha kufa na kupona. Watu wakapiga makofi, wakapanda mahindi kando ya barabara ambapo gari la kiongozi lingeyaona, kisha wakaingia ndani kula ebitoke. Felicitas akahesabiwa kuwa tawi jingine la kampeni ile ile.

"Hata hospitali sasa?" mzee mmoja alimwuliza kwa uchungu, akachukua kofia yake na figo zake, akaenda zake. Wodini wakambatiza jina la Bibi Usile.

Aliyemtii kikamilifu alikuwa Thakorbhai, mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuwa hajala nyama tangu azaliwe, wali ndio ulikuwa chakula chake cha kila siku, na alipoambiwa apunguze chumvi alipunguza. Akapata nafuu, akawa anakuja kumshukuru na kumletea vileja vya dukani ambavyo yeye mwenyewe alikatazwa. Felicitas alimtumia kama mfano kwa wagonjwa wengine. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamwuliza, huyo ambaye hakuwa akila ndizi tangu mwanzo, ulimkataza nini hasa?

Swali hilo lilimkaa. Akakumbuka kwamba hata kule Uingereza wagonjwa walikuwa hawaachi viazi vyao hata kwa dawa, na wauguzi walikuwa na ujanja: kiazi kinamenywa, kinakatwa vipande vidogo, kinachemshwa kwa maji mengi, maji yale ya kwanza yanamwagwa, kisha kinapikwa upya kwa maji mapya. Madini mengi yanaondoka na maji ya kwanza. Akaingia jikoni mwa hospitali akafanya vivyo hivyo kwa ndizi. Kilichotoka kilikuwa kitu cheupe, chapwa, ambacho ukikitia mdomoni unajua ni ndizi kwa sababu umeambiwa. Lakini kilikuwa ndizi. Felicitas alifurahi mpaka akamkumbatia mpishi, na mpishi, mtu mzima mwenye familia, hakujua aiweke wapi mikono yake.

Ndipo miguu ya baba yake ikaanza kuvimba.

Mzee Rweyemamu alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa misa ya kwanza, mkimya, na alimwamini binti yake kuliko alivyomwamini daktari. Vipimo vilipotoka, Felicitas alifunga mlango wa stoo yake akalia. Kisha akanawa uso, akaenda kumwambia ukweli: dawa ya kuponya hakuna, lakini ukinisikiliza, Tata, ukala ninavyokwambia, unaweza kuishi miaka.

"Mimi nimekusomesha," mzee alisema. "Nitakukataliaje?"

Akatii kuliko Thakorbhai. Chumvi akaacha. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaacha. Hata kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu mwenyeji anakupa kiganjani ukishaketi, na ukiikataa ni kama umemtangazia uadui, aliipokea kwa mikono miwili, akapeleka mkono mtupu mdomoni, kahawa akaiangusha mfukoni. Joho lake la Jumapili lilikuwa linanukia kahawa kama ghala la ushirika.

Shida ilikuwa jikoni. Jiko lilikuwa la Mama Klaudia, na Mama Klaudia hakuwa mtu wa kufundishwa chungu. Alimpenda binti yake na alijivunia elimu yake kwa kila aliyepita barabarani, ila kila mara aliongeza, akicheka, "Amesomea chakula, lakini kupika hajui." Ilikuwa kweli. Felicitas alipelekwa bweni kwa masista akiwa mdogo, na siku ambazo wenzake walijifunza kufunika chungu kwa majani, yeye alikuwa anajifunza Kiingereza.

Alikwenda Nshamba Jumamosi, akafunga khanga kiunoni, akamwonyesha mama yake. Akamenya, akakata, akachemsha, kisha akabeba chungu mpaka nje na kuyamwaga maji ya kwanza kwenye shina la mgomba. Klaudia alisimama mlangoni akiyatazama yanavyozama.

"Unamwaga mchuzi," alisema.

"Ni maji tu, Mama."

"Maji yaliyokaa na ndizi si maji tena. Nguvu yote imehamia humo."

"Ndiyo maana nayamwaga. Nguvu hiyo ndiyo inayomdhuru."

Klaudia alimtazama binti yake kama unavyomtazama mtu aliyekwambia mvua inadhuru migomba. Halafu akanyamaza. Klaudia akinyamaza, watu wa nyumbani kwake hudhani amekubali, na Felicitas, pamoja na vyeti vyake vyote, alikuwa mtu wa nyumbani kwake.

Akarudi mjini na moyo mweupe. Kila Jumamosi alipanda basi la Nshamba, akafunua chungu, akaonja. Ndizi zilikuwa nyeupe, hazina ladha, zimechemshwa mara mbili bila kosa. Lakini mzee alikuwa anazidi kulegea. Mapigo ya moyo yalikuwa mazito na ya kusitasita. Felicitas akauliza habari za chumvi, za nyama, za rubisi, na majibu yote yakawa safi. Akaanza kuitilia shaka taaluma yake. Akapunguza maharage, akapunguza wali, mwishowe alikuwa anampimia mzee chakula ambacho hata mtoto asingeshiba. Mzee hakulalamika. Alikuwa anasema tu, "Ninafuata yote, mwanangu. Yote unayoyatuma."

Hilo neno la kutuma Felicitas alilisikia na hakuliuliza.

Mzee Rweyemamu alifariki asubuhi, kwenye kiti chake barazani, akitazama kahawa yake iliyoanikwa. Moyo ulisimama bila hodi, kama ilivyoandikwa kwenye vitabu.

Watu walijaa. Wanawake waliketi ndani kwenye nyasi zilizotandikwa chini, na Felicitas akaketi kati yao, kichwa kitupu kabisa, akiwa hata kulia kumemshinda. Pembeni yake alikuwa Celina, jirani yao wa mtaa wa chini. Mumewe, Privatus, alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali majuzi, akiwa na ugonjwa ule ule wa figo.

"Pole, waitu," Celina alimnong'oneza kwa heshima ya kwetu. "Mungu ndiye anayepanga. Ila nataka ujue kwamba mimi nafuata dawa yako. Nachemsha ndizi kwanza, yale maji nayamimina kwenye bakuli, na Privatus anayanywa yangali ya moto. Ndipo nazipika tena."

Felicitas aligeuka polepole. "Anakunywa nini?"

"Supu. Ile supu yako. Mama Klaudia ametufundisha wengi."

Na Klaudia, upande wa pili, macho yamevimba kwa kulia, akadakia kwa sauti ya mtu ambaye katika msiba wake amebakiwa na kitu kimoja cha kujivunia.

"Hakukosa hata siku moja. Bakuli asubuhi, bakuli jioni. Mwanzoni alisitasita, nikamwambia, Felicitas ameagiza. Kusikia hivyo, akanywa yote. Hata asubuhi ile alimaliza bakuli." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ndizi zako zisizo na ladha tulizivumilia, mwanangu, lakini tone la maji yako halikumwagika."

Wanawake wakaitikia kwa kichwa. Mmoja akasema kwao Muleba hata wenye malaria wanapewa maji ya Felicitas.

Felicitas aliliona jambo lote kwa mara moja, na natamani asingeliona. Madini yote aliyoyatoa kwenye ndizi, mama yake aliyakusanya kwa uangalifu na kumnywesha mzee. Ebitoke za kawaida, za ujinga, zingemhurumia zaidi. Na baba yake asingeyagusa maji yale kama yangetoka kwa mtu mwingine yeyote. Aliyanywa kwa sababu yalitoka kwa binti yake.

Wala Klaudia hakuwa anadanganya. Mara ya kwanza alidanganya, ndiyo, uongo mdogo wa kumshawishi mume mgonjwa anywe kitu chenye nguvu. Kisha akawaeleza majirani, na majirani wakamsifu, akaeleza tena, mpaka siku ile ya chungu mlangoni ikageuka kichwani mwake. Sasa alikumbuka vizuri kabisa jinsi Felicitas alivyompa bakuli na kumwagiza.

Kulikuwa na njia mbili tu mle ndani. Ya kwanza ilikuwa kusema ukweli, kwamba Klaudia amemwua mumewe kwa mapenzi, tena mbele ya wanawake wote wa kijiji huku kaburi halijakauka. Kunyamaza nako kulikuwa na gharama yake, maana jioni ile Celina angemimina bakuli jingine.

Felicitas akasimama.

"Mama zangu, naomba mnisikilize. Yale maji msiyanywe tena, wala msimpe mgonjwa. Nilikosea. Mimi ndiye niliyeagiza, na niliagiza vibaya. Maji ya kwanza ndiyo yenye madhara, yamwageni kwenye mgomba. Celina, tafadhali, nenda nyumbani sasa hivi ukayamwage."

Celina aliinuka na kutoka bila kuaga, khanga ikiburuzika chini. Mtu mmoja karibu na mlango akasema, si kwa sauti ya chini kama alivyodhani, "Na Uingereza yote ile."

Klaudia alikuwa anamtazama binti yake. Felicitas aliyatafuta macho yale, akitumaini na kuogopa kwamba yangekumbuka mlango, chungu, na maji yanayozama kwenye udongo. Hayakukumbuka kitu.

"Kwa hiyo baba yako..." Klaudia alisema, akashindwa kumaliza.

"Ndiyo, Mama."

Klaudia alilia, na wanawake wakalia naye. Alipomaliza alijikaza, maana alikuwa Mkristo na watu walikuwa wengi. Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha binti yake.

"Nimekusamehe, mwanangu. Hukukusudia. Mimi nilisema tangu zamani kwamba huyu kupika hajui."

Felicitas akapiga magoti kwenye nyasi, kama binti wa Kihaya anavyopaswa, akamshukuru mama yake.

Privatus aliishi akamwozesha binti yake wa mwisho, na maji ya Felicitas yakaacha kunywewa Nshamba na Muleba kote. Hospitali ilipata habari kwamba mtaalamu wake alimwua baba yake kwa supu, wagonjwa wakapungua, na kibao kikaondolewa mlangoni ili mashuka yarudi. Na kila mwaka, kwenye misa ya kumbukumbu ya mzee, Klaudia husimama mbele ya watu na kumsamehe tena binti yake, na Felicitas hupiga magoti na kusema asante.