Sumaku Iliyoelea Jikoni kwa Mama

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza shahada ya fizikia na sina kazi, nilirudi kwa mama, huko Kitengela, na kidonge cheusi cha kauri. Mhadhiri aliyenipa alisema kikipoozwa sana, umeme hupita ndani yake bila kizuizi chochote, na sumaku huelea juu yake. Chuoni hatukuwahi kupata cha kukipoozea.

Nyumbani kilipatikana. Daktari wa mifugo aliyekuja kupandisha ng'ombe wetu alibeba mbegu za fahali katika mtungi wa gesi ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, baridi kuliko barafu yoyote. Nilimwomba kidogo.

"Unataka kupandisha nini?" akaniuliza.

"Jiwe."

Alimtazama mama, kisha akanimiminia kwenye sufuria. Ukungu ulitambaa mezani. Kidonge kilipopoa, nikaweka sumaku ndogo juu yake kwa kibanio, nikaachilia. Ikabaki hewani. Mama akapitisha njiti ya kiberiti chini yake.

"Ni nini imeishikilia?"

Nikamweleza kuhusu elektroni: kwa kawaida hufukuzana, lakini katika baridi ile hushikana mbili mbili, halafu zote huenda kama kitu kimoja.

"Si umesema zinafukuzana?"

"Ndiyo."

"Sasa nani amezipatanisha?"

Kwa metali za kawaida nilikuwa na jibu: metali yenyewe hutetemeka na kuzivuta pamoja. Kwa kauri hii jibu hilo halikutosha, na hata mhadhiri alikiri kwamba wataalamu wanabishana.

"Hatujui, mama."

"Ni wewe hujui, ama ni watu wote?"

"Watu wote."

Daktari alisema yeye anaona sumaku mbili tu zinazosukumana. Lakini naitrojeni ilipoisha, sumaku ikashuka polepole ikalala juu ya kidonge.

"Ukitoa elektroni moja uiangalie," mama akauliza, "iko na hiyo tabia?"

"Hapana. Ikiwa peke yake haina."

"Basi hiyo tabia inakaa wapi?"

Daktari alifunga mtungi wake akaenda zizini kwa ng'ombe, nasi tukabaki tukikitazama kile kidonge.

Baadaye nilirudi chuoni kusomea jambo hilohilo. Najua hesabu zake sasa, kurasa na kurasa, na bado mimi huchanganyikiwa. Kanisani wakimuuliza mama binti yake anasoma nini, huwajibu, "Anasoma kitu ambacho hakijulikani." Sijapata namna ya kumsahihisha.