Vyeti Sita vya Shangazi

Pale kituoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wahandisi vijana walimwita Shangazi, watangazaji wakaiga, na hata mkurugenzi, matangazo yakikatika, alitoka ofisini mbio akiuliza, "Shangazi yuko wapi?" Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mitatu, bisibisi haikosi mfukoni. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeuguza mtambo wa kurushia matangazo, dude la chuma lenye ukubwa wa kabati la nguo, lililokaa peke yake katika chumba cha nyuma, chini ya mnara.

Mambo yalianza kwenda mrama mkurugenzi aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo. Alirudi na mkoba mpya na maneno mapya. Akawakusanya wafanyakazi, akawaambia kwamba siku za kujifunza kwa kuchungulia ndani ya mitambo zimepita. Kituo kimejiunga na maktaba ya mtandaoni ya wahandisi wa utangazaji: masomo arobaini, video, majaribio na vyeti. Kila mhandisi apate vyeti sita ndani ya miezi mitatu. Asiyepata ajitafakari.

"Kujitafakari ndiyo kufanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Ni kujitafakari," akajibu meneja wa rasilimali watu, kijana nadhifu aliyekuwa akiuza bima kabla ya kuajiriwa hapo. Chumba cha mtambo hakuwahi kukiingia. Alichelea mashati yake.

Kuanzia siku hiyo Shangazi na wahandisi wake watatu walihamishiwa chumba cha kompyuta, kutwa nzima, wamevaa vipokea sauti masikioni. Katika somo la kwanza kikaragosi mwenye kofia ngumu alitabasamu dakika arobaini mfululizo, akimweleza Shangazi kwamba antena hukaa juu. Kisha likaja jaribio. Mtambo umezimika ghafla. Utafanya nini kwanza? Shangazi akachagua kuangalia kama umeme unafika. Skrini ikawa nyekundu. Jibu sahihi lilikuwa kujaza fomu ya taarifa ya tukio. Alipata asilimia thelathini na tano.

Akamfuata meneja. "Mwanangu, nikianza na fomu, wasikilizaji watakuwa wameshahamia kituo kingine."

"Mfumo haukosei, Shangazi. Umetengenezwa na wataalamu."

"Wataalamu wa nini?"

Meneja alifikiri kidogo. "Wa mifumo."

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na miwani ya kusomea. Jioni zile, mke akimenya viazi, mume alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani akimsomea maswali kwa sauti, na kila mara mke alipojibu, skrini iligeuka nyekundu.

"Hawa hawataki ujue kitu, mama," mume akasema hatimaye. "Wanataka ujue wao wanapenda jibu gani. Ni kama wateja wangu tu."

Jumamosi Shangazi alikwenda kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa, akalala huko. Jumapili mchana aliporudi alimkuta mumewe bado yuko kwenye kiti kile kile, futi ya kupimia shingoni, uso umemng'aa. Alikuwa amefaulu masomo matatu kwa jina la mkewe, na alama ya chini kabisa ilikuwa tisini na moja.

"Nilikuwa najaribu tu," akasema. "Lakini hili la antena lilikuwa tamu."

"Baba, wewe hata redio yetu ya jikoni unaogopa kubadilisha betri. Futa."

Akatafuta pa kufutia, hapakuwepo.

Jumatatu Shangazi alikwenda kazini amejiandaa kusema ukweli. Lakini meneja alimpokea mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili, na Shangazi akapata kigugumizi. Siku iliyofuata ilikuwa vigumu zaidi kusema. Mwezi ulipokwisha, mumewe akiwa hajaacha masomo, vyeti vilikuwa sita, naye alikuwa akipita ukumbini ameinamisha kichwa.

Mkurugenzi akaandaa hafla ya kumpongeza mwanafunzi bora, Shangazi mwenyewe, irushwe moja kwa moja hewani. Viti vikapangwa, vipaza sauti vikafungwa, mkurugenzi akapanda jukwaani na kuanza kuueleza umma wa wasikilizaji jinsi kituo kilivyopiga hatua. Alikuwa katikati ya hatua ya nne mlinzi wa getini alipoingia kwa kunyata, redio yake ndogo mkononi, akamwinamia Shangazi.

"Shangazi, huku inakoroma tu. Yapata robo saa sasa."

Shangazi aliinuka. Wahandisi watatu nao walikwishaambiwa. Mmoja alikuwa amefungua maktaba kwenye simu yake, anajaza fomu. Alikuwa amefika palipoandikwa "maoni ya msimamizi".

"Weka hiyo simu. Twendeni."

Chumba cha mtambo kilikuwa na joto la tanuri. Shangazi aliweka kiganja kwenye mlango wa chuma, akakiondoa haraka, akainama nyuma na kuchomoa chujio la hewa. Lilikuwa limevaa vumbi zito kama blanketi. Kila wiki chujio lile husafishwa, na kwa wiki saba hakuna aliyeligusa, kwani wote walikuwa darasani. Mtambo ulikosa hewa, ukajizima wenyewe usiungue.

"Kosa langu," akasema. Akampa mmoja chujio akalikung'ute nje, wa pili akafungua milango, wa tatu akamwonyesha mita ya joto na kumwambia asibandue macho. Joto liliposhuka aliwasha. Redio ya mlinzi ikaacha kukoroma, na sauti ya mkurugenzi ikaingia hewani ikisema, "na kwa hayo machache, asanteni."

Shangazi alirudi ukumbini na mikono yake michafu, akasema mbele ya wote kwamba vyeti vile ni vya mumewe, fundi cherehani. Mkurugenzi alimtazama meneja. Meneja alifungua kompyuta yake, akasoma, akakohoa.

"Mfumo unaonyesha amefaulu Shangazi," akasema. "Hauna nafasi ya mume."

Kwa hiyo vyeti vikabaki, vikatiwa fremu na kutundikwa mapokezi. Shangazi alipewa onyo la maandishi na, kwenye barua hiyo hiyo, pongezi. Mumewe alianza somo la setilaiti kwa jina lake mwenyewe. Wale vijana watatu nao, kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wakawa wanatoroka chumba cha kompyuta kwenda kwa Shangazi kufungua vifaa vibovu mezani. Meneja aligundua, akauliza kikao hicho kinaitwaje kwenye mfumo.

"Andika usafi," Shangazi akamwambia, na hapo alikuwa akimwonyesha mmoja wa vijana wake jinsi ya kushika waya bila kuuvunja.